Umemwaga oili nyumbani, sasa pikipiki ina mambo: pa kuanzia kutafuta tatizo

Kumwaga oili ya pikipiki na kuweka mpya ni kazi ya nusu saa, na Mwanza wengi wanaifanya wenyewe uani: dereva wa bodaboda anayetaka kuwahi kijiweni alfajiri, mwalimu mwenye TVS yake ya kwendea kazini Usagara, mchuuzi wa dagaa anayetoka Mwaloni Kirumba na mzigo nyuma. Kazi yenyewe haina ugumu. Ugumu huja siku mbili tatu baadaye, unapokuta tone la oili sakafuni, au klachi inateleza ukipanda Bugando, au injini inagonga kwa sauti usiyoijua, ukaanza kuwaza kuwa imenoki.

Mara nyingi haijanoki. Jiulize: juzi ilikuwa nzima, jana umeishika, leo inalalamika. Basi washukiwa wa kwanza ni vile ulivyovishika: bolti ya kumwagia, washa yake (ile pete bapa inayokaa kati ya bolti na injini), kiasi cha oili, aina ya oili, na chujio kama ulilitoa. Vipitie hivyo kabla hujampa fundi ruhusa ya kushusha injini. Fundi njaa akisikia neno "inagonga" anaanza kupiga hesabu ya ringi na bloku, na huwezi kumlaumu sana, maana umempelekea dalili bila maelezo.

Pima upya, tena mahali tambarare

Mengi ya malalamiko yaliyomo humu huishia hapa. Oili imezidi, au imepungua, au iko sawa ila imepimwa vibaya.

Kwenye jiji la mawe, uwanja tambarare si kitu cha kudhania. Nyumba za Mabatini, Igogo, Bugarika na Isamilo zimepanda mlima, na ua unaouona umelala sawa huwa umeinamia upande mmoja. Injini ya pikipiki ndogo inabeba oili kama lita moja tu. Ukiiegemeza kidogo, oili yote inakimbilia upande mmoja wa tumbo la injini na dipstiki inakudanganya. Chukua chupa ya maji ya plastiki, ijaze nusu, ilaze sakafuni mahali unapotaka kupimia, uangalie maji yamelalia wapi. Kisha igeuze robo duara uangalie tena. Kama maji yanakimbilia upande mmoja, sogea. Sakafu ya kituo cha mafuta mara nyingi inafaa kuliko ua wako.

Pikipiki isimame wima, kwa stendi ya kati au ishikwe na mtu, isiwe kwa stendi ya pembeni. Washa injini dakika tatu hivi ikiwa kwenye mzunguko mdogo, zima, subiri dakika mbili tatu oili iliyo juu iteremke, ndipo upime. Ukipima papo hapo baada ya kuzima utaona imepungua, utaongeza, na kumbe ilikuwa bado inatiririka kutoka juu.

Halafu kuna jambo la dipstiki yenye uzi. Kwenye pikipiki nyingi, zikiwemo za Kichina zinazotumia injini ya asili ya Honda CG125 (ile iliyotoka 1976 na ikanakiliwa na viwanda chungu nzima), unapima kwa kuifuta dipstiki, kuitumbukiza na kuiacha ikae juu ya uzi bila kuizungusha. Ukiikaza mpaka mwisho inazama zaidi, inaonyesha oili imejaa wakati imepungua. Lakini wapo watengenezaji wanaotaka ikazwe kabisa. Kitabu cha pikipiki kinasema ipi. Kama kitabu kilibaki kwa tajiri, jirani mwenye pikipiki ya aina hiyohiyo anacho. Zile zenye kioo kidogo ubavuni hazina utata huo, alimradi kioo hakijapata ukungu.

Kiasi nacho kina mtego. Chupa inaandikwa lita moja, injini nyingine inataka mililita 900 na kidogo, nyingine inataka lita moja na zaidi. Pia oili ya zamani haitoki yote. Kinachobaki kwenye kona za injini kinatosha kuharibu hesabu, hivyo namba iliyoandikwa kwa ajili ya injini iliyofunguliwa yote ni kubwa kuliko ya kumwaga tu. Weka robo tatu ya chupa kwanza, washa, zima, pima, ongeza kidogo kidogo.

Oili imezidi: utaijuaje

Injini inakuwa nzito kama inaburuza kitu, inapata joto mapema, gia zinaingia kwa kukwaruza hasa ya kwanza. Ukifungua boksi la chujio la hewa unakuta oili imelowanisha sponji, maana imesukumwa na presha kupitia mpira wa kupumulia wa injini. Moshi wa bluu unaweza kutoka nyuma hata kwenye injini ambayo ringi zake ni nzima.

Dawa ni kupunguza. Usilegeze bolti ya chini kwa kubahatisha, utamwaga zaidi ya ulichotaka. Sindano kubwa ya plastiki na mpira mwembamba unaoingia kwenye tundu la dipstiki vinavuta mililita mia moja bila kuchafua chochote. Kisha safisha sponji ya hewa, vinginevyo utaendelea kuona moshi na ulaji wa mafuta na utadhani tatizo bado lipo.

Mpira wa kupumulia uutazame hata kama kiasi kiko sawa. Ukikunjwa wakati wa kuosha, ukizibwa na tope au na yule nyigu anayejenga kwa udongo, presha ya ndani haina pa kutokea na inasukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Nimeona watu wakibadilisha sili ya sproketi mara kwa mara huku mpira umekunjwa chini ya tangi.

Tone chini ya injini

Usikimbilie kukaza. Kwanza hakikisha kinachodondoka ni uvujaji mpya. Oili uliyomwagia nje jana, iliyojificha kwenye mapezi ya injini na kwenye sahani ya chini, itadondoka siku mbili nzima bila injini kuwa na kosa lolote.

Osha sehemu ya chini kwa maji ya sabuni na brashi, ikauke, kisha nyunyizia poda ya mtoto kuzunguka bolti na kwenye maungio ya vifuniko vya pembeni. Endesha mwendo wa kawaida, mathalani Buhongwa mpaka mjini, simama uangalie. Poda itakuwa imeloa pale oili inapoanzia. Hili ni muhimu kwa sababu upepo wa mwendo unaivuta oili nyuma na chini, na tone linaning'inia kwenye bolti ya kumwagia hata kama chanzo kiko juu kabisa kwenye kifuniko cha tapeti.

Poda ikiloa kuzunguka bolti, mtuhumiwa ni washa. Washa ya shaba au aluminiamu inafanya kazi kwa kubonyea kidogo inapokazwa. Ukiirudisha ya zamani mara nyingi imekuwa ngumu na ina mchubuko, haizibi tena. Bei yake ni ndogo kuliko soda. Wakati mwingine ya zamani ilibaki imenata kwenye injini na wewe ukaweka mpya juu yake, zikawa mbili. Hapo itavuja hata ukaze vipi. Pitisha ukucha kwenye uso wa injini uhakikishe uko mtupu kabla ya kufunga.

Kwenye pikipiki ambazo chini zina kofia kubwa yenye springi na wavu ndani yake, kinachoziba ni oringi, yaani pete ya mpira. Ikikatwa na uzi wakati wa kufunga au ikavimba kwa uzee, inavuja. Ipake oili mpya kwa kidole kabla ya kuirudisha.

Poda ikiloa upande wa kushoto karibu na sproketi ya mbele, hapo kuna sili ya shafti ya sproketi na, kwa pikipiki nyingi, sili ya shafti ya gia. Hilo halihusiani na kazi yako ya jana. Ila lilikuwepo na wewe hukuwa ukitazama chini.

Bolti inazunguka haikazi

Hili ndilo linaloumiza mfuko kuliko yote, na linasababishwa na nguvu. Bolti ni chuma, tumbo la injini ni aluminiamu. Mtu akiweka bomba kwenye spana ili akaze "isije ikadondoka Nyegezi", uzi unaoliwa ni wa injini. Watengenezaji wengi wanataka bolti hii ikazwe kwa kati ya Nm 20 na 30 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa mkono, hiyo ni spana fupi, ivutwe kwa mkono mmoja mpaka uhisi washa imebonyea, kisha kidogo tu, basi.

Ukiwa umelala chini ya pikipiki, upande wa kufungulia unachanganya kichwa. Itazame bolti uso kwa uso kutoka chini: kufungua ni kinyume na mishale ya saa. Wengi walioua uzi walikuwa wanadhani wanafungua.

Sasa imeshakuwa. Ikiwa uzi umeliwa nusu na bolti bado inashika, usiendeshe ukiomba Mungu. Kuna njia mbili za kufaa: kuchonga uzi mkubwa zaidi na kuweka bolti pana, au kupandikiza uzi wa chuma ulio kama springi, ukabaki na bolti yako ileile. Njia ya pili ni bora, maana aluminiamu haiguswi tena na bolti. Mwambie fundi apake grisi kwenye kifaa cha kuchongea ili chembe zishike humo, na akimaliza amwage oili kidogo ya bei rahisi kupitia juu isafishe zilizoingia, kabla ya kufunga.

Vitu visivyofaa: ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, gundi ya gasketi iliyopakwa nene, na sabuni ya mche. Tepu na gundi hukatika vipande vidogo, vipande huenda kwenye wavu wa pampu, na hapo umehamisha tatizo kutoka mahali pa elfu chache kwenda mahali pa laki.

Klachi inateleza baada ya oili mpya

Dalili: unavuta mafuta, injini inapanda sauti, spidi haipandi. Tambarare ya Pasiansi huoni kitu. Ukipanda Bugando na abiria, au Isamilo na mishkaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, unaiona.

Anza na kitu ambacho si oili. Shika mkono wa klachi uubonyeze taratibu: ncha yake iwe na mwendo mtupu wa milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Kama waya umekazwa moja kwa moja, klachi inakuwa imebonyezwa nusu muda wote na itateleza hata kwa oili bora kuliko zote. Legeza kidogo, jaribu mlima uleule.

Ikiwa waya uko sawa, soma chupa. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini na gia. Gari haliko hivyo, klachi yake iko pakavu. Kwa sababu hiyo baadhi ya oili za gari, hasa zile nyepesi za kubana matumizi ya mafuta kama 5W-30 (namba hizi zinaonyesha wepesi au uzito wa oili), zimewekewa kemikali za kupunguza msuguano. Injini inafurahi, sahani za klachi zinateleza. Kwenye chupa tafuta alama JASO MA au MA2: hicho ni kipimo cha Kijapani kinachosema oili imejaribiwa na klachi ya kuogelea. JASO MB ni kinyume chake, imekusudiwa skuta zenye klachi kavu. Na duara la API (alama ya viwango vya Kimarekani) likiwa na maneno "Resource Conserving" au "Energy Conserving" sehemu ya chini, hiyo waachie wenye magari.

Utawasikia kijiweni wanaotumia 15W-40 ya lori kutoka kwenye dramu, na klachi zao hazitelezi. Ni kweli, oili nyingi za dizeli hazina kemikali hizo kwa wingi. Lakini mtu huyo hajui chupa inayofuata itakuwa na nini, na oili ya kupimiwa kutoka kwenye dramu haina chupa hata ya kusoma. Mimi naona tofauti ya bei kwa lita moja haitoshi kuhatarisha seti ya sahani za klachi.

Ukigundua umeweka isiyofaa, imwage yote hata kama ni mpya, weka inayofaa, tembea siku kadhaa. Mara nyingi klachi inarudi. Isiporudi, sahani zimeshalowa au zilikuwa zimekwisha tangu awali na oili mpya yenye utelezi imezifichua tu. Hapo ni kufungua kifuniko cha kulia.

Gia ngumu, neutro haipatikani

Kinyume cha kuteleza. Klachi haiachii vizuri: waya umelegea kupita kiasi, oili imezidi, au umeweka nzito sana na injini bado ya baridi. Ukanda wetu wa ziwa hauna baridi ya kutisha, kwa hiyo 20W-50 inayouzwa kila duka la vipuri haileti shida kwa Boxer na nyingi za aina yake. Asubuhi dakika moja ya kuiacha inanguruma inatosha. Kama gia zilikuwa laini, zikaanza kuwa ngumu kilomita elfu mbili baadaye, hiyo ni oili inakuambia imechoka. Huhitaji kifaa kingine kukuambia.

Rangi ya oili na harufu yake

Nyeusi haina neno. Oili ikifanya kazi yake inabeba masizi, na kwenye injini ya kazi inakuwa nyeusi ndani ya siku chache. Wanaomwaga kwa kuangalia weusi wanapoteza pesa, tumia kilomita. Pikipiki mpya ni tofauti: ile ya kwanza kabisa hutolewa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000 kufuatana na kitabu, kwa sababu ina chembe za vyuma vinavyozoeana.

Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuitilia mkazo. Hapo maji yamechanganyika na oili. Pikipiki zetu nyingi zinapozwa kwa hewa, hazina rejeta, kwa hiyo maji hayawezi kutoka ndani. Yameingia kutoka nje. Yameingiaje? Angalia oringi ya dipstiki kama ipo na haijakatika. Angalia mpira wa kupumulia ncha yake iko wapi. Kisha kumbuka ulipitia wapi: kuvuka maji yaliyojaa barabarani wakati Mirongo umefurika, kuosha kwa mashine ya presha ukielekeza kwenye injini, au kuingiza pikipiki ziwani mpaka maji yakafika nusu ya injini kama wafanyavyo vijana ufukweni. Injini ya moto ikiguswa na maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote.

Kama ni povu jeupe kidogo tu juu ya dipstiki, na oili chini ni ya kawaida, huo ni unyevu. Unawapata wenye safari fupi fupi, nyumbani na dukani, hasa vuli kuanzia Oktoba na masika ya Machi mpaka Mei. Injini haipati joto la kutosha kuukausha. Peleka pikipiki Kisesa na kurudi bila kusimama, povu litakwisha.

Ikiwa ni maziwa yote, usiendeshe. Mwaga, weka oili ya bei nafuu kiasi kilekile, iache injini ingurume dakika tano na utembee karibu tu, mwaga tena. Rudia hadi itoke safi, ndipo uweke ile ya kukaa nayo. Kusuuza kwa dizeli au mafuta ya taa ni desturi ya gereji nyingi, nami siipendi: hayatoki yote, na yanayobaki yanaifanya oili yako mpya kuwa nyepesi kabla hujaanza safari. Pikipiki kubwa zenye rejeta ni habari nyingine. Huko maziwa yanaweza kumaanisha gasketi ya kichwa au sili ya pampu ya maji, na hizo ni za fundi.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu: oili imeongezeka yenyewe. Uliacha kwenye alama, wiki ijayo iko juu ya alama. Inuse. Ikinuka petroli, kabureta inamwaga. Sindano ya kuelea imekwama na uchafu au imelika, petroli inateremka kutoka kwenye tangi usiku kucha, inapita kwenye silinda na kuingia tumboni. Oili inakuwa nyepesi kama maji na haishiki tena. Usiwashe injini hiyo, na usiijaribu kwa kiberiti kama wafanyavyo wajuaji. Funga koki ya petroli, mwaga oili nje mbali na moto wowote, safisha kabureta, badilisha sindano, weka oili mpya. Na tangu hapo uzoee kufunga koki kila unapolaza pikipiki.

Moshi

Moshi unaotoka nje ya bomba la ekzosi, karibu na injini, wenye harufu ya kitu kinachoungua: ni oili uliyoidondoshea juu yake. Utakwisha wenyewe.

Moshi wa bluu unaotoka nyuma: pima kiasi kwanza. Kama hakijazidi, angalia unatoka lini. Unapowasha asubuhi kisha unapotea, au unapoachia mafuta ukiteremka mlima, elekeza macho kwenye sili za valvu. Ukitoka unapovuta mafuta na kadiri injini inavyopata moto, ni ringi au silinda. Oili nzito zaidi itaupunguza kwa muda, itakununulia miezi ya kutafuta pesa ya ovaholi, haitaponya.

Injini inagonga tik-tik juu

Sekunde chache za kwanza baada ya kumwaga ni kawaida, oili inajaza njia zake. Ikiendelea, zima. Pima kiasi. Kikiwa sawa, fungua kifuniko cha tapeti, washa injini kwa mzunguko mdogo muda mfupi, uangalie kama oili inalowanisha vyuma vya juu. Ikilowanisha, sauti ni ya tapeti zinazohitaji kurekebishwa, na ilikuwepo. Pakiwa pakavu, oili haipandi, na mtuhumiwa ni ulichokishika: wavu uliorudishwa bila springi, oringi iliyosahaulika, au chujio la karatasi lililogeuzwa. Chujio la namna hiyo mara nyingi lina tundu upande mmoja na upande wa pili umezibwa. Likigeuka, njia inafungwa. Si zote zenye karatasi. Injini za ukoo wa CG zina chujio la kuzunguka, lililo nyuma ya kifuniko cha klachi, nalo halibadilishwi, husafishwa kifuniko kinapofunguliwa kwa kazi nyingine.

Na ukikuta vyuma kwenye wavu au kwenye sumaku ya bolti: tope laini la kijivu linalopakika vidoleni ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma ngozi, au vinavyong'aa rangi ya shaba, vina mahali vimetoka. Viweke kwenye karatasi umpelekee fundi. Atakisia gia au bushi kwa kuviona, kuliko kukisia kwa sauti.

Oili yenyewe ni feki

Ukiona imekuwa nyepesi ndani ya wiki, gia zimekuwa ngumu mapema, na kila kitu kingine kiko sawa, rudi kwenye chupa. Pete ya kifuniko ilikatika ulipofungua, au ilikuwa imeshalegea? Chini ya kifuniko kulikuwa na foili? Alama ya TBS (shirika la viwango) imechapwa vizuri, au imekaa kama kivuli? Oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye chupa nzuri huwa na harufu ya kuungua hata ikiwa na rangi ya asali. Nunua duka linalokujua, na ukimaliza toboa chupa tupu. Chupa nzima zenye kifuniko ndizo zinazotafutwa na wanaojaza feki.

Iliyotoka uipeleke wapi

Lita moja ya oili chafu uani kwako Mabatini haikai uani. Mvua ya kwanza inaipeleka kwenye mtaro, mtaro kwenye Mirongo, Mirongo ziwani, na maji tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, pale Capri Point. Irudishe kwenye kidumu chenye kifuniko kwa chupa iliyokatwa kitako. Gereji kubwa huwa na dramu ya kukusanyia, na mafundi seremala huitafuta kwa kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Nguzo za nchi kavu, siyo mbao za mtumbwi. Tambara ulilofutia lisikae limejikunja kwenye kona ya stoo. Litandaze likauke nje kabla ya kulitupa.